Kamera ya ndani yenye kifuniko cha lensi: nyota nne, na kwa chumba kimoja tu

Kamera ninayoizungumzia ni ile ndogo ya ndani inayokaa juu ya rafu, unaichomeka kwenye soketi, unaiunganisha na wifi, unaitazama kwa simu. Ina megapikseli 3, inahifadhi video kwenye memori kadi, ina maikrofoni na spika, na gizani inaona. Haizungushi kichwa. Mbele ya lensi ina kifuniko cha kusukuma kwa kidole, na hicho ndicho kilichonifanya niiache mingine yote dukani. Kwa kuwa nina malalamiko nayo sitaitaja kampuni. Kamera za aina hii ni nyingi na zinafanana sana, kwa hiyo nitakayoyasema yatakufaa hata kama yako ina jina jingine.

Naipa nyota nne kati ya tano. Tatu ni za kifuniko. Moja ni ya kila kitu kingine kwa pamoja, na iliyopungua nitaieleza mbele.

Nyumbani tuko watano: mimi, mume wangu, mama yangu mzazi, mwanangu wa kiume aliye sekondari, na dada anayetusaidia kazi. Miguu ya Mama imedhoofu. Aliwahi kuteleza sebuleni kati ya kochi na meza, akabaki sakafuni hadi mjukuu wake aliporudi kutoka shule. Hakuvunjika popote, lakini tangu siku ile mimi na mume wangu tulikuwa tunakwenda kazini roho zikiwa juu juu. Wezi hawakuwa shida yetu. Nalisema hili mapema kwa sababu kamera ya kumvizia mwizi na kamera ya kumwangalia mtu unayempenda hazichaguliwi kwa vigezo vilevile. Mwizi hana haki ya faragha sebuleni kwangu. Mama anayo, dada anayo, na mtoto anayo.

Sasa kifuniko. Ni kipande cha plastiki kinachoteleza kulia na kushoto. Ukikisukuma kinalia "tak", na mahali pa lensi panatokea rangi ya machungwa iliyokolea. Rangi hiyo unaiona ukiwa mlangoni, unaiona ukiwa kwenye kochi la mwisho, na Mama, ambaye maandishi madogo yamemshinda siku nyingi, anaiona bila miwani. Na kufunga hapa si kuziba lensi tu. Ndani kuna swichi inayosimamisha kurekodi na kuizima maikrofoni. Sikuliamini boksi kwa hilo. Nilifunga kifuniko, nikaongea karibu kabisa na kamera, kisha nikaitoa kadi na kuifungua kwenye kompyuta. Muda ule wote haupo. Hakuna picha, hakuna sauti, video inaruka kutoka kifuniko kilipofungwa hadi kilipofunguliwa.

Na simu haiwezi kukifungua. Niwe kazini, niwe safarini, niwe mwenye akaunti kuu, kifuniko kikifungwa mimi ninaona kioo cheusi na maneno ya kunijulisha kwamba lensi imefunikwa. Anayetaka nione lazima aamke, aende kwenye rafu, asukume kwa mkono wake. Sijaona kitu kingine kwenye kamera za ndani kinachompa anayetazamwa neno la mwisho namna hii.

Kabla ya kununua, kaka yangu alituazima yake tuijaribu. Hiyo ni ya kuzungusha kichwa, na inayo "hali ya faragha": unabonyeza kwenye simu, kichwa kinainama, lensi inajificha ndani ya mwili wa kamera. Ni ufundi mzuri kuutazama. Lakini mwenye simu ndiye anayeifumba, na ni yeye yule anayeifumbua, akiwa popote, saa yoyote. Mama alikuwa akikaa nayo chumba kimoja mchana. Kila ilipogeuka aliacha alichokuwa akifanya, akaikodolea macho. Siku moja akanipigia simu: "Mwanangu, sasa hivi ni wewe au ni yenyewe?" Sikuwa mimi. Ilikuwa inamfuata paka, maana imeundwa kufuata kinachosogea. Mtu mzima wa umri ule kuulizia kwenye simu kama anatazamwa, ndani ya nyumba anamoishi, kulinitosha. Kamera ya kaka ikarudi kwa kaka.

Kabla ya kuifunga hii tuliketi wote watano. Nampendekezea kila mtu afanye hivyo kabla hata boksi halijafunguliwa, kwa sababu maswali ya watu wa nyumbani ndiyo yaliyopanga nusu ya mipangilio yetu. Mama aliuliza kama itamwona akiwa anabadili nguo. Mwanangu aliuliza kama itaona saa anazorudi. Dada alikaa kimya muda mrefu, mpaka mume wangu akamwambia, "Dada, sema tu, nawe ni wa humu." Ndipo akauliza: "Na sauti nayo inasikika? Hata nikiongea na mama yangu kwenye simu?"

Swali lake lilikuwa zito kuliko yetu sote. Yeye anafanya kazi humo humo anamoishi. Mimi nikitoka kazini kamera za ofisini zinabaki ofisini. Yeye hana pa kutokea. Simu yake na mama yake anaipiga akiwa anakunja nguo sebuleni, na mambo ya kwao hayanihusu.

Sauti ilikuja imewashwa tangu kiwandani. Tukaizima pale pale, mbele yake, nikampa simu aione swichi ikiwa imezimwa. Sauti inachukuliwa kama kitu kidogo cha nyongeza, kumbe ndiyo inayochukua mengi zaidi. Picha inaishia ukutani, sauti inapita mlango na kona. Mtu anaweza kujitoa mbele ya lensi kwa hatua mbili, ila hana namna ya kujua maikrofoni inamfikia mpaka wapi. Oktoba 2021 mahakama moja ya Oxford, Uingereza, iliamua kesi ya majirani waliogombana juu ya kamera na kengele ya mlangoni yenye kamera. Jaji aliona kwamba sauti iliyokuwa ikinaswa ilikuwa na madhara kuliko hata picha, kwa jinsi ilivyofika mbali na kuchukua mazungumzo ya watu wasiojua. Hiyo ilikuwa nje ya nyumba, kati ya majirani. Ndani, ambako watu wanagombana, wanapatana, wanalia na kunong'ona, jambo hilo lina uzito zaidi. Pia katika nchi na majimbo mengi kurekodi mazungumzo ya watu wasioridhia ni kosa la jinai, hata pale ambapo kupiga picha ndani ya nyumba yako hakukatazwi. Uliza sheria ya mahali ulipo kabla ya kuiwasha. Spika tumeiacha, maana hiyo inatoa tu. Nikitaka kumwita Mama naongea, naye hunijibu kwa ishara ya mkono.

Picha yenyewe sina mengi ya kusema. Mchana ni safi, sura zinatambulika, rangi ni za kweli. Usiku inageuka nyeusi na nyeupe, na hadi mwisho wa sebule naona kama mtu amekaa au amelala. Kwa kazi yangu hiyo inatosha. Anayetaka picha kali zaidi zipo, lakini kwa ndani ya nyumba sioni anatafuta nini.

Jambo la usiku aliloligundua mwanangu ndilo la kusimulia. Taa zilipozimwa aliona vidoti vyekundu vilivyofifia kuizunguka lensi. Hizo ni taa za infraredi, mwanga ambao jicho halioni lakini kamera inauona. Zipo za aina mbili zinazotumika sana. Za mawimbi ya nanomita 850 zinaacha wekundu hafifu unaoonekana ukizitazama moja kwa moja, na za nanomita 940 hazionekani kabisa, ila picha yake huwa dhaifu kidogo kwa umbali. Watangazaji wanaisifia ile isiyoonekana. Mimi, kwa ndani ya nyumba, naipenda inayoonekana. Dada akipita sebuleni usiku kwenda kunywa maji ajue kama inafanya kazi.

Arifa zilitusumbua mwanzoni. Pazia likipepea, simu inalia. Paka akipita, inalia. Kuna sehemu ya kuchagua "binadamu tu", na sehemu ya kuchora eneo la kuangaliwa. Tukachora njia kati ya kochi na mlango, pale Mama anapopita na ndipo alipoangukia. Kelele zikapungua sana. Lakini kuna kitu kimoja ningependa wote wenye kamera wakakiangalie leo: arifa huja na picha. Yaani simu ikiwa imefungwa, juu ya meza ya ofisini, kioo kinawaka na kila aliye karibu anamwona mama yako akiwa na nguo zake za nyumbani. Kwenye mipangilio ya simu yenyewe, si ya programu ya kamera, nilizima maudhui ya arifa yasionekane kabla simu haijafunguliwa. Kampuni ingetakiwa iiweke hivyo tangu mwanzo.

Nije kwenye hifadhi, maana hapa ndipo faragha ya familia nzima inapokaa au kuondoka.

Kamera inakupa njia mbili: kadi iliyomo ndani yake, au wingu, yaani seva za kampuni, kwa malipo ya kila mwezi baada ya muda wa majaribio. Programu inalisukuma wingu kwa nguvu. Kila mara inatokea kadirisha la kukumbusha kwamba video zangu "haziko salama". Hili linaniudhi, kwa sababu usalama wa video ya sebuleni kwangu hauongezeki kwa kuitoa nyumbani.

Sisemi hivyo kwa hofu tu. Mei 2023 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Ring, kampuni ya kamera inayomilikiwa na Amazon. Kwa maelezo ya tume hiyo, wafanyakazi na makandarasi waliweza kuzifikia video za wateja bila sababu ya kikazi, na mfanyakazi mmoja alitazama maelfu ya video za wateja wanawake, zikiwemo za kamera zilizowekwa vyumba vya kulala na bafuni. Hakuzuiwa na mfumo wowote. Aligunduliwa na mfanyakazi mwenzake. Ring ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Kisha Februari 2024 kamera za Wyze ziliporudi hewani baada ya hitilafu, watumiaji wapatao 13,000 walionyeshwa picha ndogo za nyumba zisizo zao, na 1,504 kati yao wakazigusa kuzikuza. Wafikirie waliokuwa kwenye picha hizo. Hawakubonyeza kitu, hawakukosea nywila, hawakufanya lolote ila kuwa nyumbani.

Kwa hiyo wingu tumelikataa na kadi tumeikubali. Kwa mkondo wa megabiti 1.5 kwa sekunde, yaani kiasi cha data ya video kinachoandikwa kila sekunde, kurekodi mfululizo siku nzima kunakula takribani gigabaiti 16, hivyo kadi ya gigabaiti 64 hujaa kwa siku nne hivi, kisha ya zamani inafutwa na kuandikwa juu yake. Wengi wanaona hiyo ni dosari na kutafuta kadi kubwa zaidi. Mimi nimeridhika nayo kabisa. Kama Mama hakuanguka wiki iliyopita, sina sababu ya kuwa na video ya wiki iliyopita. Kisichokuwepo hakiibiwi, hakivuji, na hakiwezi kutolewa siku ya ugomvi wa kifamilia ili kumwonyesha mtu alivyokuwa amevaa au alivyosema.

Kadi ina udhaifu wake na nitausema wazi. Mwizi akichukua kamera ameondoka na ushahidi. Na kwenye hii yetu kadi haijafungwa kwa namna yoyote: ukiitoa na kuiweka kwenye kompyuta, video zinafunguka zenyewe. Mgeni yeyote mwenye dakika moja sebuleni anaweza kuichomoa. Zipo kamera zinazoifunga kadi isisomeke nje ya kamera yake, na ningependa hii ingekuwa hivyo.

Pia usimwamini mtu anayesema "kila kitu kinabaki kwako" bila kuangalia. Mwishoni mwa 2022 mtafiti wa usalama alionyesha kwamba kamera za Eufy, zilizokuwa zikitangazwa kuwa zinahifadhi nyumbani, zilikuwa zikipeleka picha ndogo za arifa kwenye wingu. Namna yangu ya kuangalia ni rahisi: ukurasa wa ruta, kile kifaa kinachogawa wifi nyumbani, unaonyesha kila kifaa kimetuma data kiasi gani. Siku ambayo hakuna aliyeifungua kamera kwa simu, inatakiwa iwe imetuma kidogo sana. Ya kwetu inatuma kidogo, nami huendelea kuchungulia kila masasisho mapya yanapoingia.

Akaunti ndiyo sehemu ambayo watu wanaipita haraka. Programu inaruhusu mwenye akaunti kuu mmoja, na wengine wanaongezwa kama washiriki. Anayefunga kamera kwa simu yake ndiye anayekuwa mkuu, basi. Ukimwachia fundi aifunge kwa simu yake "ili mambo yaende haraka", umempa funguo za sebule. Mwaka 2021 fundi wa zamani wa ADT, kampuni ya ulinzi wa majumbani, huko Texas alifungwa miezi 52. Alikiri kuingia kwenye akaunti za wateja wapatao 200, zaidi ya mara 9,600, kwa zaidi ya miaka minne. Hakuwa mtaalamu wa kuvunja mifumo. Alipokuwa akifunga kamera majumbani aliingiza barua pepe yake kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, na wateja hawakuwahi kuifungua orodha hiyo. Ifungue yako. Kwetu yako majina matatu: langu, la mume wangu, na la Mama mwenyewe. Mama alitaka awepo, na simu yake ndogo inaiendesha programu vizuri.

Nywila ya akaunti ya kamera ni ya kamera peke yake, haitumiki popote pengine, na uthibitisho wa hatua mbili umewashwa, ile namba inayokuja kwenye simu unapoingia kwa kifaa kipya. Desemba 2019 huko Mississippi, Marekani, mtoto wa kike wa miaka 8 alisikia sauti ya mwanaume asiyemjua chumbani kwake, ikitoka kwenye kamera ambayo wazazi wake walikuwa wameifunga siku chache tu nyuma. Mtu yule alimwambia yeye ni Santa Claus. Mzazi akisoma habari hiyo hatakuwa na ubishi juu ya hatua mbili.

Na usinunue kamera inayokuja na nywila moja ya kiwandani kwa wote. Kirusi kiitwacho Mirai, kilichoenea mwaka 2016, kilikuwa na orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60, na kwa orodha hiyo tu kikateka kamera na ruta kwa maelfu na maelfu. Uingereza imepiga marufuku nywila za namna hiyo kwenye vifaa vya nyumbani tangu 29 Aprili 2024. Hii yetu inakulazimisha kuunda nywila kabla haijaonyesha picha yoyote, na hapo naipongeza. Tumeiweka pia kwenye wifi ya wageni, ili ikitekwa isizifikie kompyuta na simu zetu.

Mahali pa kuiweka kulituchukua muda kuliko kuifunga. Lensi inaona upana mkubwa, zaidi ya nyuzi 100, kwa hiyo ukiielekeza mlangoni inachukua na pembeni. Tuliiweka kwanza karibu na televisheni. Kwenye simu nikaona kitu ambacho macho yangu ya kawaida yasingekiona: kioo cha kabati la vyombo kilikuwa kinaonyesha korido, na mwisho wa korido ni mlango wa bafu. Mtu anayetoka kuoga anaonekana kwenye kioo, mdogo lakini anatambulika. Tukahamisha rafu. Hata hivyo nikaweka na kiraka cheusi upande ule, maana programu inaruhusu kufunika sehemu ya picha isirekodiwe. Mwenye kamera apite nyumbani kwake akiwa na simu mkononi, atazame vioo, makabati ya kioo, hata televisheni iliyozimwa. Nyeusi ile inarudisha picha vizuri mno.

Vyumba vya kulala, hapana. Korido ya bafu, hapana. Jikoni dada alisema hapana, na ikawa hapana. Chumba cha mwanangu halikuwa hata suala la kujadili. Yeye alisema jambo ambalo nimelibeba: "Mama, mimi nikijua kuna kamera nitakuwa nakaa vizuri kwa ajili ya kamera." Kijana wa umri wake anahitaji mahali ambapo anaweza kukaa vibaya, kuimba vibaya, kukasirika na mto wake, bila mtu kuwa na kumbukumbu ya hayo.

Ile nyota iliyopungua ni hii. Kamera ina taa ndogo inayokuwa ya bluu pale mtu anapotazama moja kwa moja. Ni jambo jema sana: Mama akiona bluu anajua mmoja wetu yupo, na mara nyingine hupunga mkono. Lakini mwenye akaunti kuu anaweza kuizima taa hiyo kwa simu, na aliye chumbani hatajua. Yaani kifaa kinamfichia mtazamwa taarifa kwa ombi la mtazamaji. Zaidi ya hapo, programu haiweki kumbukumbu ya nani alifungua picha na saa ngapi. Mimi na mume wangu na Mama tunashiriki kamera moja, na hakuna kati yetu anayeweza kujua mwingine ametazama mara ngapi. Nimewaandikia kampuni kuhusu yote mawili. Walijibu kwa adabu kwamba maoni yangu yamepokewa. Ningefurahi kuilipia kamera ghali zaidi ambayo taa yake haizimiki.

Kwa kuwa programu haiweki kumbukumbu, tumejiwekea utaratibu wenyewe. Kifuniko kinafunguliwa asubuhi sisi tukitoka, na anayekifungua ni Mama. Kinafungwa mmoja wetu akirudi. Wageni wakija kinafungwa, au wanaambiwa. Mama akitaka kukifunga mchana, anakifunga, na hatumpigii simu kumuuliza kwa nini. Hilo la mwisho lilimsumbua mume wangu. Alisema, na si bure, kwamba saa anayokifunga inaweza kuwa saa anayoanguka. Tulilijadili sana. Mama ndiye aliyelimaliza: akasema akikifunga dada awepo ndani, asiwe nje. Ndivyo tunavyofanya.

Imesaidia? Ndiyo. Mchana mmoja arifa iliingia, nikafungua nikamwona Mama ameteleza kutoka kwenye kiti, amekaa sakafuni akiushika mguu wa meza. Nikaongea kwenye spika, nikampigia dada aliyekuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo, akaingia na kumwinua taratibu. Mama alikuwa sawa. Bila kamera angesubiri kidogo tu mpaka dada aingie, lakini ule muda wa kusubiri sakafuni ndio anaouogopa kuliko kuanguka kwenyewe, na ameniambia hivyo.

Umeme ukikatika, kamera ni plastiki tu. Intaneti ikikatika inaendelea kurekodi kwenye kadi lakini wewe huoni kitu. Na haimzuii mtu kuanguka. Kwa nyumba nyingi zenye mzee ningeshauri kwanza vyuma vya kushika ukutani, zulia linaloteleza liondolewe, na kile kidude cha kuvaa shingoni chenye kitufe cha kuitia msaada. Hicho kinafanya kazi mpaka bafuni, ambako kamera haitakiwi kufika kamwe. Kama shida yako ni kujua tu mlango umefunguliwa, kihisi cha mlango kinatosha na hakijui sura ya mtu yeyote.

Nani ainunue, basi? Mwenye sababu anayoweza kuisema kwa sauti mbele ya kila anayeishi humo, nao wakaikubali. Anayetaka kumchunguza mwenza wake, au kumvizia msaidizi wa kazi kwa siri, simshauri hii wala nyingine. Wanaoishi humo wana haki ya kujua, na katika sheria za nchi nyingi kamera ya siri chumbani anamolala mtu au anamooga ni kosa bila kujali nyumba ni ya nani.

Neno kwa wanaofikiria kununua iliyotumika au kumpa ndugu ya zamani. Kamera ya kaka yangu ilipokuja kwetu ilikataa kufungwa, kwa sababu bado ilikuwa imeshikwa na akaunti yake. Angeamua kuiwasha tu, angekuwa sebuleni kwetu. Kabla ya kuitoa, iondoe kwenye akaunti yako kwa kutumia programu, kisha bonyeza kitufe kidogo cha kurudisha hali ya kiwandani mpaka taa zimulike upya, na toa kadi ubaki nayo. Kufuta video kwenye kadi hakutoshi, maana zilizofutwa kawaida zinaweza kurudishwa kwa programu za bure. Ivunje, au itumie mwenyewe kwa kazi nyingine.